Yai la Kuku wa Jirani

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu na nyumba ya Mama Zuhura zilitenganishwa na mstari wa miti ya manyara tu, na manyara yenyewe yalikuwa na matundu. Mama Zuhura akikaanga pilipili, sisi tulipiga chafya. Baba akikohoa usiku, asubuhi Mama Zuhura alimwuliza mama, mgonjwa ameamkaje. Huko pembeni ya mji wa Singida viwanja vilikatwa vidogo, na vingine vikabanwa zaidi na mawe makubwa ambayo hakuna aliyeweza kuyahamisha. Watu walijenga karibukaribu na kujifunza kujifanya hawasikii.

Baba alipapenda pale. Alikuwa karani wa ofisi, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, na mzee wa kanisa juu yake. Alizaliwa kijijini, upande wa Iguguno, na alikuwa amejitahidi sana ili watu wasahau hilo. Kinyiramba alikizungumza chumbani tu, na mama, kwa sauti ya chini. Nayasema haya bila kumdhihaki, maana nampenda na hata leo mimi ndiye ninayemwandalia chai. Lakini kisa hiki hakielezeki bila kusema ukweli kwamba baba yangu aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa njaa.

Ndipo babu akafariki, na bibi, mama yake baba, akaja kuishi nasi. Alishuka stendi akiwa na mfuko mmoja wa nguo na tenga la kuku lililosafiri juu ya basi. Baba aliliangalia lile tenga jinsi mtu anavyomwangalia mgeni wa pili ambaye hakualikwa.

"Mama, hapa mjini nafasi ni ndogo," alisema.

"Kuku naye si ng'ombe," bibi akajibu, akaanza kutafuta pa kuwaweka.

Banda lilijengwa kwa mabanzi na mabati ya zamani, likaegemezwa kwenye manyara. Kiota kilikuwa beseni la bati lililotoboka, ndani kuna majani makavu, na katikati ya majani bibi alitia kipande cha mkaa na msumari ili radi isiharibu mayai. Nilimwuliza radi inaogopaje msumari. Akaniuliza mimi naogopaje fimbo ya mwalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote aliyopika, na alikuwa na maneno ya kumpa kila kiumbe, jogoo akiwa wa kwanza.

Nilikuwa mjukuu mkubwa, basi kuku wakawa kazi yangu na yake. Tuliwachanganyia pumba na mashudu ya alizeti asubuhi, tukawafungia jua likizama, na katikati ya hapo tuliongea. Sijawahi tena kuwa na rafiki wa namna ile.

Mama Zuhura naye alifuga. Mume wake alikuwa na duka la kanga na sabuni sokoni, nao walikuwa watu wa asili ya Tabora kwa upande mmoja na Tanga kwa upande mwingine, na uani kwao palikuwa pamesakafiwa kwa saruji, pasafi hata ungeweza kula chini. Kwa binadamu ni pazuri. Kwa kuku anayetaka kutaga si mahali kabisa. Alikuwapo kuku wao mmoja mweupe, mwenye kishungi, ambaye alianza kupita kwenye tundu la manyara, anaingia kwenye beseni letu, anataga, kisha anarudi kwao akipiga kelele kana kwamba ameonewa. Yai lake hukuweza kulikosea. Ya kwetu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lake lilikuwa jeupe kama chaki.

Mara ya kwanza nililichukua nikidhani tumepata. Bibi akaninyang'anya.

"Beseni ni letu, kuku si wetu. Hili litarudi kwao."

"Niende nikampe Mama Zuhura?"

"Mkononi?" Aliniuliza kama nimetamka jambo chafu.

Akanikalisha kwenye jiwe, akanieleza. Yai halipokezwi mkono kwa mkono. Ukimpa mtu yai mkononi, kuku wako na kuku wake wataanza kudonoana, na nyinyi wenyewe mtafuata. Wala halirudishwi kwa maneno, kwa sababu kuku akijua amesemwa anahamia vichakani na hamtamwona tena, si wewe wala mwenyewe. Linarudishwa kimya, kabla jua halijatoka. Linawekwa kizingitini pa mwenye kuku, chini yake jivu kidogo ili lisibingirike, na kwenye ganda unapiga mstari wa mkaa, ili mwenyewe akiliona ajue limeletwa na mtu aliyekusudia kulileta.

"Akifungua mlango anacheka," bibi alisema. "Anajua ana jirani mwema."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, watu wanatoka msikitini, mimi nilishika kibati cha jivu na bibi akashika yai. Alilitua kizingitini kwa Mama Zuhura kwa adabu, akiwa amepiga goti, kama anayemtengea mkwe chakula. Tulirudi tukiwa tumefurahi. Kuku wa kishungi aliendelea kuja kwetu na bibi akaendelea kurudisha.

Ninyi mnaosoma mmeshaona tulikokuwa tunaelekea. Sisi hatukuona. Bibi hakujua kwamba mahali pengine yai lenye mkaa juu ya jivu, mlangoni, alfajiri, lina maana nyingine kabisa. Na nyumbani kwa Mama Zuhura, siku hizohizo, binti yake Zuhura alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama, na kichanga kikaanza kuchemka homa.

Nilisikia habari bombani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya ndoo walikuwa wakisema kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo mtoto anaisikia vizuri kuliko zote. Mama Zuhura ameita shehe asome dua. Mama Zuhura anaosha mlango kwa maji ya chumvi. Kuna mtu anamtegea mtoto. Mmoja akasema, "Na pale jirani ameletwa bibi kizee, macho yake mmeyaona?" Wakaniona, wakaanza kuzungumzia maji.

Niliacha ndoo, nikakimbia kumwambia mama. Mama alikuwa mwepesi wa kuelewa. Jioni hiyo baba aliporudi kazini alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na dari, mimi nilikuwa kama nimekaa katikati yao.

"Nenda kawaeleze kabla hawajaja," mama alisema. "Ni jambo la kucheka tu."

"Nikawaeleze nini?" baba akasema. "Kwamba mama yangu anaamini yai halishikwi mkononi? Kwamba kuku anasikia akisemwa? Mimi niseme hivyo, na watu ninaosali nao wasikie?"

"Si ndiyo kweli yenyewe?"

Baba alitoka, akamwambia bibi asitoke nje asubuhi, hakumwambia kwa nini.

Walikuja kesho yake baada ya swala ya alasiri. Mjumbe wa mtaa alikuja, na Mama Zuhura na mume wake, na majirani kadhaa ambao hakuna aliyewaita. Mama alitoa viti na vigoda vyote tulivyokuwa navyo. Bibi, alipoambiwa kuna wageni, alikwenda kuvaa kitenge chake cha kanisani. Alipotoka niliona kwamba kwenye pindo la kanga aliyojitanda amefunga kitu kidogo cha mviringo. Nilikijua. Kuku wa kishungi alikuwa ametaga tena, na bibi, aliyezuiwa kutoka asubuhi, alifurahi kwamba mwenye yai amekuja mwenyewe.

Mjumbe alianza kwa heshima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumekuja kwa wema, bibi. Kuna mayai yanaonekana mlangoni kwa jirani yako hapa. Yana alama za mkaa, yamewekewa jivu. Na mtoto pale ndani anaumwa. Tunaomba kujua kama kuna mtu wa nyumba hii ana habari nayo."

Bibi alitabasamu. Kati ya yote ya siku ile, hilo tabasamu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa la mtu anayengoja kushukuriwa. Mkono wake ukaenda kwenye fundo la kanga.

"Hayo mayai, wanangu," alianza.

Baba akasimama.

"Mjumbe, niruhusu niseme mimi. Mama yangu ni mtu mzima sana. Tangu baba afariki, akili zake hazijatulia. Anachukua vitu, anaviweka mahali asipopajua mwenyewe. Hana ubaya na mtu. Naomba sana mtusamehe."

Aliyasema vizuri. Alikuwa mzungumzaji, baba yangu, kanisani walimsifia. Niliona mabega ya watu yakishuka, niliona mjumbe akitikisa kichwa kwa huruma. Na nilikuwa najua, na mama alikuwa anajua, na baba mwenyewe alikuwa anajua, kwamba katika uwanja ule mzima hapakuwa na mtu mwenye akili zilizotulia kama bibi.

Watu wananiuliza kwa nini sikusema. Sikuulizwa. Mtoto wa nyumba yetu hakukatiza wakubwa, na kwa hilo sijilaumu. Ninachokumbuka ni aibu ya namna ambayo sikuwa naijua, si ya kuadhiriwa wala ya kuchapwa mbele ya darasa. Ilikuwa aibu ya kumwona baba yako anapungua mbele ya macho yako, huku watu wote wanamwona anakua.

Bibi alimgeukia. Nilidhani atasema. Huyu ndiye aliyekuwa akimsuta jogoo kwa uvivu. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama unavyomtazama mtoto aliyejikwaa mbele ya wageni, kuona kama ameumia. Kisha mkono wake ukaliachia fundo la kanga.

"Ndiyo," alisema. "Siku hizi nasahau."

Alimpa baba jina lake jema. Alilivua mwilini mwake akampa, mbele ya watu, na baba akalipokea.

Mama Zuhura ndiye aliyelia. Alikuja akamshika bibi mikono yote miwili, akamwambia, kwa sauti kubwa na polepole kama anazungumza na kiziwi, "Pole, bibi. Uzee ni mtihani. Ukitaka kutoka, uniite mimi nikushike mkono, eeh?"

"Asante, mwanangu," bibi akasema.

Mtoto wa Zuhura alipelekwa zahanati, ikaonekana ni malaria, akapona. Hakuna aliyekuwa na kinyongo tena. Na hapo ndipo adhabu ya bibi ilipoanza, kwa maana mtaa mzima ulimwonea huruma. Kila asubuhi Mama Zuhura alituma bakuli la uji wa ulezi wenye maziwa, mtamu kweli. Wageni walimsalimia bibi halafu wakamwuliza mama, bibi akiwa palepale, "Amelala vizuri? Anakula?" Watoto wenzangu waliniuliza kama ni kweli anaongea na kuku. Nilisema si kweli, ingawa alikuwa anaongea nao, na mimi pia.

Bibi aliacha kuokota mayai. Nilipomletea kikapu alisema, "Okota wewe. Mimi nisije nikasahau nikayaweka mahali." Alisema bila kucheka, na nilitamani acheke.

Haukupita muda mrefu akaomba kurudi kijijini. Baba alimbembeleza akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake.

"Mama, kaa. Watu wameshasahau."

Bibi alikuwa anakunja kile kitenge cha kanisani. "Sikulaumu," alisema. "Ungeniacha niitwe mchawi, wangenifukuza. Umesema nimechoka akili, wananiletea uji. Ila uji wenyewe, mwanangu, haushuki kooni."

Baba alimsindikiza stendi. Tenga likapandishwa juu ya basi, na kuku watatu wakabaki kwangu, kwa sababu bibi alisema mtoto hawezi kukaa bila kuku.

Kuku wa kishungi aliendelea kuja. Siku moja Mama Zuhura alimwona anatokea kwenye tundu la manyara akipiga kelele zake, akashangaa, akaja kwetu akizunguka kwa mlango wa mbele. Alinikuta bandani. Akachungulia beseni, akaliona yai jeupe limelala kati ya mayai yetu.

"Eliza, hili si la kuku wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Huwa anataga hapa?"

"Kila mara. Bibi alikuwa anawarudishia."

Hapo niliulizwa, kwa hiyo nilisema. Nilimwambia habari ya jivu, ya mkaa, ya kutopokezana mkononi, na kwamba bibi alisema akifungua mlango atacheka. Mama Zuhura alikaa chini, pale penye vinyesi vya kuku, na baibui lake safi. Jioni alimfuata baba kibarazani, nami nilikuwa nachambua mchele karibu.

"Baba Eliza," alisema, "mama alikuwa na akili zake."

"Ndiyo," baba akasema.

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo."

Mama Zuhura alirudi kwao. Wiki hiyo alipanda basi kwenda Iguguno peke yake, amebeba doti ya kanga kutoka dukani kwao. Aliporudi alimsimulia mama, akicheka na kufuta machozi. Bibi alimpokea kama mtoto wake, akamchinjia kuku, na walipoagana akampa mayai ya kupeleka nyumbani. Aliyaweka sakafuni, juu ya jivu, akamwambia ayaokote mwenyewe. Baba aliyasikia yote akiwa chumbani. Nyumba haikuwa na dari.

Baba alikwenda kumwona mama yake kila sikukuu, na sukari na sabuni, na waliongea habari za mvua na alizeti. Kama kuna siku walilizungumza jambo lile, mimi sijui. Bibi alifariki nikiwa sekondari, usingizini, kuku wake wakiwa wamefungiwa vizuri.

Sasa baba anaishi kwangu. Mama ametangulia, na mimi nina kiwanja upande mwingine wa mji, kidogo vilevile, nafuga kuku kwenye uwanja ambao gari likigeuza linakata kona mara mbili. Jirani yangu ni Doreen, binti anayefanya kazi benki, naye ana kuku wake chotara wachache. Baba anachanganya majina ya wajukuu na huniita kwa jina la mama. Kazi ya kuokota mayai nilimwachia kwa sababu aliitaka.

Juzi jioni Doreen aligonga geti. Alinisalimia shikamoo, akamsalimia baba aliyekuwa kibarazani nyuma yangu, kisha akanionyesha simu. Ilikuwa picha ya yai, juu ya jivu, mbele ya geti lake, na mstari wa mkaa kwenye ganda.

"Dada Eliza, samahani sana. Mlinzi anasema ni mzee wenu. Sijui hii ni nini, lakini kwa kweli nimeogopa."

Sikuwahi kumwona baba akifanya hivyo, wala hakuwahi kulitaja. Na sentensi ikanijia mdomoni ikiwa imekamilika, kana kwamba nimeirithi pamoja na pua yake. Baba ni mtu mzima sana, akili zake hazijatulia. Isitoshe, safari hii ingekuwa na ukweli ndani yake. Nyuma yangu nilisikia kiti kikilia. Alikuwa anaisubiri.

"Ni yai la kuku wako," nikasema. "Anataga kwetu. Kwetu sisi yai la mtu halipokezwi mkononi, kuku watagombana na sisi tutafuata. Linarudishwa kimya asubuhi, juu ya jivu. Baba amekurudishia."

Doreen aliniangalia, mimi na sketi yangu ya ofisini. "Kweli, dada? Mnayaamini haya?"

"Ndivyo tulivyofundishwa na bibi."

Alicheka, akaziba mdomo kwa simu. Nikasikia masikio yanawaka moto. Nilitamani kuongeza kwamba nimesoma, na mimi si mtu wa kijijini. Sikuongeza. Moto ukapoa. Akauliza kama yai linaweza kuliwa, nikamwambia ale, akashukuru, akaenda.

Nilibaki getini. Miaka yote hii nilidhani kile alichokikimbia baba, kicheko cha watu, lazima kilikuwa kikubwa, maana alimtoa mama yake ili akikwepe. Sasa nimekionja. Kilikwisha kabla yai halijachemka.

Nilipogeuka, baba alikuwa ananitazama.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka kidogo."

"Halafu?"

"Halafu akashukuru, akaondoka."

Aliangalia geti. "Basi?"

"Basi, baba."

Alikubali kwa kichwa, akarudia neno hilo kwa Kinyiramba, kwa sauti ambayo majirani wangeweza kuisikia. Kisha akajifunika uso kwa viganja vyake viwili. Nikaingia ndani kumletea chai, na sikuharakisha.